Sakafu Nyekundu Chini ya Mawe

Yule mutu alinipunguzia bei sababu ya shimo. Alikuwa amesimama juu, kwa ukingo wake, viatu vyake vinang'aa, mimi niko chini na nyundo yangu, naye ananisomea karatasi kama mutu anayesomea mwingine hukumu. Bei ya parsele, kiwanja changu, hii hapa. Kutoa gharama ya kujaza shimo. Kutoa usumbufu. Kile kilichobaki kingenitosha kununua pahali kule Lac Vert, nyuma ya nyuma, pahali maji ya kunywa yanafika juu ya kichwa cha mama ya mutu.

Nikamuuliza, "Papa, wewe unajenga nyumba za kuuza, sivyo?"

"Ndiyo, muzee."

"Nyumba inaanzia wapi?"

"Kwa musingi."

"Na musingi unaanzia wapi?"

Akamuangalia enjenyeri wake, mwanaume mupole mwenye kofia ya plastiki, kama vile mimi nimemutegea mutego. Enjenyeri akajibu kwa sauti ndogo, "Chini."

"Basi mimi niko chini. Mumenikuta nimekwisha kuanza. Na munanipunguzia bei sababu nimewafanyia kazi."

Enjenyeri akacheka. Mukubwa wake hakucheka. Aliniambia atarudi, nifikiri vizuri, mutu wa umri wangu anahitaji kupumzika. Hiyo neno ya kupumzika niliichukia siku ile na ninaichukia mpaka leo. Mutu anayekuambia upumzike mara nyingi iko na kitu yako anaiangalia.

Sasa ngoja nieleze lile shimo, sababu mutu ambaye hajaishi Goma hawezi kuelewa kwa nini mutu mwenye akili anakaa miaka anachimba uwanja wake mwenyewe.

Huku kwetu, udongo haukai juu. Juu kuna mawe ya volkano, meusi, makali, yanakula viatu. Ukinunua parsele, umenunua mawe. Kisha unalipa watu wa kuyasawazisha, ndipo uweze kuweka hata kitanda. Kisha unataka choo. Hapo ndipo matajiri wanatoka jasho. Mutu anapiga hesabu ya simenti, ya muchanga, ya mabati, ya mbao kutoka upande wa Masisi, anafurahi, anasema nyumba nimeiweza. Halafu anaanza kuchimba shimo la choo ndani ya jiwe, na lile shimo peke yake linakula pesa ya vyumba viwili. Nimeona nyumba nzuri sana kule Himbi, ukuta umepakwa rangi, vioo mpaka chini, na mwenye nyumba anaenda kwa jirani kuomba choo. Mimi sisemi uongo, ukuta wake niliujenga mimi, mawe yake yalitoka kwangu.

Sababu kazi yangu ilikuwa hiyo, kuvunja mawe. Shule niliacha kwa mwaka wa tatu, kule upande wa Bukavu, mwalimu alisema kichwa changu kigumu. Nikaja Goma nikakuta mawe, nikasema basi tutapimana. Muke wangu anasema mwalimu alikuwa na haki. Yeye alifika mwaka wa sita, kwa hiyo kila barua inayoingia nyumbani inapita kwake kwanza, hata ile yenye jina langu.

Narudi kwa volkano. Ninasema ile ya zamani, ile iliyopita katikati ya muji, siyo hii ya juzi. Tulikuwa na nyumba ya mbao hapa Majengo, sakafu ya simenti mbaya ya kijivu, maana nilikuwa nimeibana simenti, muchanga mingi. Tulikimbia na godoro na sufuria. Tuliporudi hakukuwa na kitu. Hakukuwa hata na pahali. Mutu anaweza kukosa nyumba, hiyo ninaielewa, lakini kukosa pahali ile nyumba ilikuwa, unasimama juu ya kitu nyeusi bado kinakuchoma miguu na haujui kama uko kwa sebule yako au kwa choo ya jirani.

Mustari wetu ulikuwa na parsele saba, kutoka barabara kushuka upande wa ziwa. Watu wakaniambia, wewe ndiye unajua mawe, wewe shika kamba, utupimie. Nikajivuna kidogo. Sitaficha, nilijivuna sana.

Nikatafuta alama. Sasa, muti ukizingirwa na moto wa volkano, unaungua polepole ndani ya jiwe, na jiwe likipoa linaacha tundu la duara, sawa na mudomo wa chupa kubwa. Ukiona lile tundu unajua hapa kulikuwa na muti. Mimi nilikuwa na muti wa avoka kwa kona ya parsele yangu ya upande wa barabara. Nikatembea juu ya mawe, nikaona tundu moja, peke yake, zuri. Nikaingiza mukono mpaka begani. Nikasema mbele ya watu wote, "Avoka yangu hii." Nikafunga kamba pale, nikapima metre kumi na tano, parsele yangu, tena kumi na tano, ya mama jirani, na vile mpaka mwisho, na kupanda juu vile vile. Shefu wa avenyu wa wakati ule, kiongozi wa mutaa wetu, akaandika. Kila mutu akapata karatasi mpya, juu ya mawe, na muhuri.

Mama jirani aliyenifuata upande wa ziwa ni mama wa Butembo, muuzaji wa maharagwe. Nitamusema tena, muweke akilini.

Ndipo nikaanza kuvunja. Wengine waliweka nyumba ya mbao juu ya jiwe wakaendelea na maisha, na hiyo ni akili, nyumba ya mbao ukihama unaibomoa unaibeba, hata mulango wake unakwenda nao. Mimi nikawaza hivi: mawe haya yamekuja bure kwangu, watu wanataka mawe ya kujengea, nitayauza. Nikiyamaliza nitakuwa nimeshuka mpaka kwa udongo wangu, nitapanda maharagwe, nitachimba choo kwa jembe kama binadamu. Asubuhi navunja, saa sita nakula, mchana navunja. Jiwe likikataa, unawasha moto wa takataka juu yake, kisha unamwaga maji, unasikia linaitika. Muke wangu na yeye alikuwa anavunja kokoto kando, na mukono wake ukiumia anaimba matusi, si wimbo.

Majirani wakapaita shimo la muzee. Watu wakipita, "Muzee, umefika kwa shetani?" Ninajibu, "Bado, amesema analala, nirudi kesho." Miaka imepita hivyo. Parsele yangu ikawa chini kuliko barabara, kuta nne za jiwe zimesimama zenyewe, ngazi ya mbao, na nyumba ya mbao tuliyojenga tena juu ya jiwe tumeiacha juu kwa kona moja kama kuku juu ya boma.

Siku moja nyundo ikatoa sauti nyingine. Mutu wa mawe anajua. Si sauti ya jiwe, ni sauti ya kitu ambacho mutu alitengeneza. Nikapiga magoti, nikafagia kwa mukono. Simenti. Nikaita muke wangu, "Shuka, tumefika nyumbani." Machozi yananitoka, sioni aibu kusema. Akashuka na ndoo ya maji, akamwaga, akasugua na kitambaa chake.

Sakafu ilikuwa nyekundu.

Nyekundu, imepigwa laini, kazi ya fundi aliyelipwa vizuri. Na katikati kulikuwa na alama ya kwato za mbuzi, nne, zimeingia ndani ya simenti kabla haijakauka.

Muke wangu akaiangalia, akaniangalia. Akakamua kile kitambaa. Kisha akasema, "Wewe ndiye ulishika kamba."

Nilielewa kabla hajamaliza. Sakafu nyekundu kwa mustari wetu ilikuwa moja tu, ya mama wa Butembo; lile tundu halikuwa avoka yangu. Avoka yangu ilikuwa imeanguka na mawe, haikuacha tundu. Ile ilikuwa avoka ya mama wa Butembo, kwa kona yake, muti ambao mbegu yake mimi mwenyewe nilimupa. Nilikuwa nimewasogeza watu wote wa mustari parsele moja upande wa ziwa. Wote saba. Mimi niko juu ya nyumba ya mama, mama yuko juu ya nyumba ya yule anayemufuata, mpaka wa mwisho aliyeangukia kashamba ka ndizi ambako mwenyewe alikimbia hakurudi. Na kule juu, kando ya barabara, ikabaki parsele moja haina mutu, ambayo shefu wa wakati ule aliiuza kama parsele mupya, akanywa ile pesa. Ndiyo maana hakuna mutu aliyelia. Kila mutu alipata pahali.

Nikatandika magunia juu ya sakafu, nikamwaga vumbi juu ya magunia. Sikusema kwa mutu. Ninasema hii wazi, niliogopa. Miaka yote ya nyundo, na nilikuwa ninachimba nyumba ya mutu mwingine.

Sasa ndipo yule mujenzi wa nyumba za kuuza akatokea. Alikuwa amenunua parsele tatu za juu, kutoka barabarani mpaka mpaka wangu. Kwa ile ya tatu, inayogusana na mimi, kuta zilikuwa zimekwisha panda, nyumba ya etaji, ya gorofa, mabati yamelala chini yanangoja. Alitaka yangu iwe ya nne. Mimi sikujua bado kwa nini anaitaka sana na huku anaisema vibaya. Enjenyeri ndiye alinionyesha, bila kutaka, siku waliporudi.

Walishuka kwa ngazi wote wawili. Mukubwa anapima kuta zangu kwa macho, anasema shimo, shimo, hasara. Lakini enjenyeri anapima kwa kamba ya chuma, na anaandika, na nikasikia anamwambia mukubwa wake polepole, "Hapa shimo za choo za nyumba zote nne zinaingia bila kuvunja hata jiwe moja. Devi yetu inashuka sana." Devi ni ile karatasi wanayoandika gharama zote za ujenzi kabla ya kuanza.

Nikasema, "Kumbe."

Mukubwa akageuka. "Muzee, tunaongea kazi yetu."

"Na mimi ninasikia kazi yangu. Kwa karatasi ya kwanza shimo linakula bei yangu. Kwa karatasi ya pili shimo linakuletea faida. Iko mashimo mawili hapa? Mimi ninaona moja."

Hapo enjenyeri, ili asiangalie uso wa mukubwa wake, akaangalia chini, akasogeza vumbi kwa kiatu, gunia likateleza. Nyekundu ikatokea.

"Muzee," akasema, mupole vile vile, "nyumba yenu ya zamani ilikuwa na sakafu nyekundu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno fupi. Lakini nilikuwa nimekwisha kasirika, na mutu mwenye kasirani hawezi kushika uongo vizuri. Nikasema, "Hapana. Yetu ilikuwa kijivu."

Yule mukubwa akaiangalia ile nyekundu, nikaona maana yake inaingia kichwani mwake kama maji ndani ya gunia. Akatabasamu mara ya kwanza tangu nimemujua. "Basi muzee," akasema, "hapa hapako kwako."

Jioni ile akauliza kwa majirani nani zamani alikuwa na sakafu nyekundu, na kesho yake asubuhi wakashuka wanne. Mukubwa, enjenyeri, shefu wa avenyu wa sasa ambaye tumbo lake lilisumbua ngazi yangu, na mama wa Butembo, ametolewa sokoni, vumbi ya maharagwe bado iko kwa kitenge chake. Muke wangu alikuwa amekaa kwa kiti, hakusimama. Mukubwa alikuwa amemueleza mama njiani: sakafu ikiwa yake, ardhi ni yake, atamuuzia yeye, atapata pesa bila kutoka jasho, na muzee ataenda.

Nikataka kusema kwanza kabla hawajasema. Nikasema, "Mama, mimi ndiye nilishika kamba. Nilikosa. Avoka ilikuwa yako. Nimejua tangu wiki tatu na nilinyamaza. Sakafu hii angalia wewe mwenyewe."

Akainama. Ni mama muzito, magoti yake yalilia. Akaondoa gunia, akaona zile kwato, akaweka vidole vyake ndani, kimoja kimoja. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kabisa juu ya sakafu.

"Hii mbuzi," akasema. "Hii mbuzi shemeji yangu alileta ya ubatizo. Fundi amemaliza sasa hivi, ameosha mikono, mbuzi inakata kamba inaingia. Bwana yangu alitaka kumuua fundi, akakosa, akaiua mbuzi."

Akapangusa macho. Shefu akacheka na yeye. Hata muke wangu.

"Kwa hiyo mama unakubali," mukubwa akasema, "hapa ni kwako." Akatoa karatasi, akaiweka juu ya jiwe, akafungua kalamu.

"Hapa ni nyumba yangu," mama akasema.

"Weka mukono hapa."

"Ngoja, papa. Mimi ninauza maharagwe, ninapenda kupima mara mbili." Akabaki amekaa, anaonyesha kwa kidole kama anapanga magunia. "Kama mimi ninarudi hapa, pale juu ya mawe, upande wa ziwa, ninapokaa sasa, ni pa nani?"

"Hiyo hainihusu."

"Pa yule anayenifuata. Na yeye atarudi pake. Vizuri. Na muzee huyu, sakafu yake ya kijivu iko wapi?"

Enjenyeri ndiye alielewa wa kwanza, maana alivua ile kofia ya plastiki akaishika kifuani kama yuko misa.

Mimi nikaelewa wa pili. Nikageuka, nikaangalia juu, kwa mpaka wangu wa upande wa barabara, pale ukuta mupya wa etaji ulikuwa umesimama, simenti bado ni mbichi kwa viungo.

"Iko pale," nikasema. "Chini ya nyumba yako, papa. Sebule yangu iko chini ya ngazi yako, kama nimekumbuka vizuri. Jiko langu liko pale umeweka mabati."

"Mimi niko na karatasi," akasema.

"Na mimi niko nayo. Muhuri ni mumoja, shefu alikuwa mumoja, kamba ilikuwa moja. Kama karatasi yangu ni ya uongo sababu ya sakafu, yako imekufa kabla ya yangu. Na ile parsele yako ya kwanza kabisa, ya kando ya barabara, ulinunua kwa mutu ambaye alinunua kwa mutu aliyeuza pahali pa mwenzake. Twende basi. Niko tayari leo. Mimi na muke wangu tunahamia ndani ya etaji yako, ni nzuri, nimeiangalia. Choo tu ndicho hakuna."

Shefu akakohoa. Akasema yeye hakuwa shefu wakati ule, akasema pia kwamba hajakula tangu asubuhi. Mukubwa akamuangalia kama mutu anayeangalia gari limekufa njiani.

"Muzee, unataka nini?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sitaki kitu. Wewe ndiye umekuja kwangu na karatasi mara tatu."

Akamugeukia mama. "Mama, fikiri. Hii ni pesa."

Mama akasimama, tukamushika mikono, muke wangu huku, mimi kule. Akakung'uta kitenge. "Papa, mawe yalikuwa juu ya nyumba yangu mpaka kimo cha mulango. Nani aliyatoa? Mimi sikuleta hata nyundo. Pale juu ya mawe nimeishi, nimeoza mabinti wawili pale, niache vile. Sitauza kitu ambacho jasho yake siijui."

Wakapanda ngazi. Enjenyeri alikuwa wa mwisho, na kabla ya kupanda aliokota lile gunia akafunika zile kwato vizuri, bila mutu kumuambia.

Mama alibaki. Nilimuambia, "Sema adhabu yangu." Akasema jenga, lakini usivunje ile alama ya mbuzi, na kila akipita kutoka sokoni apate pahali pa kukaa chini na kikombe cha chai. Akasema tena nisiwahi kumupimia mutu kitu katika maisha yangu. Muke wangu akasema hiyo ya mwisho ataisimamia yeye.

Nimejenga. Si nyumba ya kuonyesha wageni. Kuta za chini ni mawe niliyoyaacha yamesimama, nimejaza viungo kwa simenti kidogo kidogo, mufuko mumoja nikipata mufuko mumoja. Juu ni ile nyumba yetu ya mbao, tuliibomoa kwa kona tukaisimamisha tena, mulango wake unatokea sawa na barabara. Kwa hiyo na mimi niko na etaji, isipokuwa yangu ilianza kwa kushuka. Jiko liko chini, juu ya sakafu nyekundu. Choo nilichimba kwa jembe, ndani ya udongo mweusi, siku mbili na nusu, nikiwa ninapiga mluzi ili upande wa pili wa ukuta wasikie.

Yule mukubwa alimaliza nyumba zake tatu. Ni nzuri. Hazijanunuliwa zote, watu wanakuja, wanasifu vioo, kisha wanauliza choo. Ukuta wake unanizibia jua la asubuhi, hiyo ameshinda. Kila kiangazi anakuja tena, sasa anashuka ngazi mwenyewe, anakaa, muke wangu anamupa chai kwenye kikombe cha pili, kile cha kwanza ni cha mama. Hasemi tena shimo. Anasema nafasi. Anataja bei ambayo siku ya kwanza ingenifanya nikae chini.

Ninamuambia papa, jiwe liko palepale chini ya nyumba zako, halijakimbia. Nyundo yangu ile kubwa iko nyuma ya mulango, bado ina mupini muzuri. Uichukue, siikodishi. Mutu akianza asubuhi, akavunja kila siku, hata siku ya baridi, atafika. Na akifika kwa simenti ya kijivu, mbaya, yenye muchanga mingi, aniite, nitapanda ukuta nije nione.